Mkufu wa Kijani

Verna ndiye aliyenipa ile habari, tumekaa pale penye mashine za kufulia tukisubiri nguo zikauke.

"Dada wee, hujasikia? Mwaka jana kule msitu wa mizimu wa akina Strunk, watu wanakolipa kiingilio watishwe usiku wa Halowini, mmoja wa wale wenye vinyago hakuwa wa kwao. Hakuna aliyemwajiri. Alimshika mtoto mkono akaondoka naye hivi hivi, watu wanacheka tu."

Nikamuuliza mtoto wa nani. Hajui. Nikamuuliza kama alipatikana.

"Nasikia kando ya kijito."

Nikamuuliza kama alikuwa hai. Mashine ikalia, Verna akaenda kukunja mashuka yake.

Habari ile ikanikaa kooni kama mwiba wa samaki. Nikipika ipo, nikilala ipo. Na binti yangu Marnie, miaka kumi na miwili, mgonjwa wa pumu, alikuwa ameshang'ang'ania kwamba Halowini hii lazima aende kwa Strunk, maana darasa zima linaenda.

"Mama, ni wazimamoto na walimu waliojipaka rangi nyekundu tu."

"Utawajuaje chini ya kinyago?"

"Mwalimu wangu wa hesabu namjua hata kwa miguu!"

Nikakubali kwa sharti: naenda naye, na pampu yake ya pumu inakaa kwenye mkoba wangu, kwa kuwa yeye hupoteza hata soksi alizovaa. Tena nikapita dukani nikanunua mkufu wa plastiki, ule ukiukunja unawaka kijani. Nikamvisha. Giza liwe giza vipi, nitamwona.

Tulifika jua ndiyo kwanza limezama. Kelsey, binti wa kaka yangu, alikuja nasi na donati yake mkononi. Mlangoni palikuwa na ubao mkubwa wa masharti. Mimi shule niliachia darasa la saba, nasoma pole pole, na nyuma watu wanasukuma. Isitoshe nilikuwa nambana msichana wa tiketi kwa maswali.

"Hawa wenye vinyago mna majina yao? Mnawahesabu?"

"Tunawahesabu, mama. Ubao umeusoma?"

"Nimeusoma."

Sikuwa nimeusoma.

Tukaingia. Bibi harusi mwenye damu akachomoza nyuma ya mti, Marnie akapiga kelele, halafu akacheka mpaka akainama. Kelsey akaniambia, "Shangazi, utamng'oa mkono huyo mtoto." Nikalegeza kidogo. Penye daraja la mbao njia ikawa nyembamba, nikamwachia ili tupite mmoja mmoja, yeye mbele.

Ndipo akatokea mtu mwenye kichwa cha nguruwe. Watu wote hakuwatazama. Alitazama shingo ya Marnie, akamshika mkono, wakaingia vichakani. Ile kijani ikaonekana, ikapotea nyuma ya miti.

Nikapiga ukelele. Watu wakacheka.

"Huyu mama wamemlipa," mwanamume mmoja akasema. "Anaigiza kuliko wote!"

"Siyo mchezo! Mwanangu huyo!"

Wakanipigia makofi. Makofi, jamani.

Nikaiacha njia, nikajitosa kwenye miiba. Jamaa wa msumeno wa injini akanifuata akiungurumisha, akidhani ananipa raha niliyoilipia. Nikampiga mkoba wa uso. Nikaita polisi, nikamwita Mungu, nikamwita hata marehemu mume wangu. Neno moja lililotakiwa sikulitamka, maana sikulijua.

Nikawakuta kwenye kibanda cha mbao, taa imewashwa. Kichwa cha nguruwe kiko sakafuni, na aliyepiga magoti mbele ya mwanangu ni Bwana Hostetter, dereva wa basi lao la shule. Marnie amejiinamia, kifua kinapiga mluzi.

"Vuta taratibu, binti. Pampu yako iko wapi?"

Marnie akaninyooshea kidole mimi.

Zipu ya mkoba ikanishinda. Bwana Hostetter akaninyang'anya mkoba akaufungua yeye. Marnie akavuta mara mbili. Tukasubiri. Mluzi ukawa mdogo, mdogo, kisha ukaisha.

"Mama," Bwana Hostetter akasema, "mwenye mkufu unaowaka ndiye aliyekubali kushikwa na kutengwa na wenzake. Imeandikwa ubaoni. Ukisema 'malenge', kila kitu kinasimama. Yeye alilisema mara moja tu, nikasimama. Nilichokosa ni pampu."

"Na yule mtoto wa mwaka jana?"

"Mtoto gani?"

Ndani ya gari, karibu na nyumbani, Marnie akanigeukia. Kisha akasema, "Nilikuwa nakusikia unaniita, Mama. Ulikuwa unaenda upande mwingine."

Wewe mwenye mtoto, epuka haya:

Kusema umesoma na hujasoma. Kama unasoma pole pole, mwombe mtu akusomee, foleni isubiri.

Kumvisha mtoto kitu kinachowaka kabla hujauliza pale kina maana gani.

Kuingia bila kulijua neno la kusimamisha.

Viatu vya kuteleza.

Kukaa na dawa ya mtoto. Iwe mfukoni mwake. Akiipoteza, mpe nyingine.

Kumpelekea mtu mwingine habari ya Verna. Mimi najua sasa kwamba haina kichwa wala miguu, na bado inaniamsha.