Masale ya Scholastica

Mimi ni Tadea, mke wa Cleopa, wa huku Matiri, na kabla hujaambiwa na wengine nakuambia mwenyewe: nina mdomo. Marehemu mama alikuwa akisema nilipozaliwa nililia mpaka mkunga akaomba kupumzika nje. Mume wangu ana maneno machache mno. Nadhani Mungu alipokuwa akigawa alipitiwa, akanipa mimi na ya kwake. Lakini habari hii ya masale nitaisimulia ilivyokuwa, maana wengine wameanza kuipindisha.

Sisi Wamatengo tunalima milimani, na tunalima ngoro. Wanaume wanafyeka majani kwa nyengo, ule mundu wetu mkubwa, wanayaacha yakauke, halafu wanayapanga kwa mistari inayokatana mpaka mlima wote unakuwa miraba mitupu. Kisha tunaingia wanawake na majembe. Tunachimba shimo katikati ya kila mraba, udongo wake tunafunikia yale majani, na juu yake tunapanda maharage. Mvua ikinyesha hata kwa hasira, udongo hauendi popote. Kazi hiyo haiwezekani kwa mtu na mkewe tu, ndiyo maana tuna ngokela: leo wote tuko kwako, siku nyingine wote tuko kwangu, na mwenye shamba anapika kande na togwa. Ukitengwa kwenye ngokela, mwaka huo utalima kibarazani.

Mwaka huu tulianzia kwa shemeji Mansuetus, kaka mkubwa wa mume wangu. Ni mwenyekiti wa jumuiya yetu ya Mtakatifu Anna, tena ni mtu mwema, sitamsingizia. Ana mashine ya kumenya kahawa, na msimu ukifika mtaa mzima tunajipanga kwake naye hamfukuzi mtu. Kwa hiyo ukimwona shemeji anasema mbuzi ana pembe tatu, utamwona na jirani anaitafuta ya tatu. Shamba lake limepakana na la Scholastica, mjane wa marehemu Ildefonsi. Katikati palikuwa na mstari wa masale, ile mimea yetu ya kuwekea mipaka, yaliyopandwa zamani na baba mkwe wake Scholastica. Hapo penye masale ndipo penye udongo mweusi wa maharage. Kwingine kote mama wa watu analima mawe.

Siku ya kufyeka ilishuka ukungu, huu ukungu wetu wa Umatengo, unanyoosha mkono huuoni. Wanaume wakafyeka wakiimba, kila mmoja akimfuata mwenzake kwa sauti, wakavuka mpaka bila kujua. Masale yakafyekwa pamoja na majani. Mpaka hapo hakuna aliyetenda dhambi, naapa. Ulikuwa ukungu tu. Scholastica mwenyewe hakuwepo, alikwenda Tingi kwa binti yake Recho aliyejifungua.

Majani yalipokauka, wanaume wakapanga mistari yao, nasi wanawake tukaenda kuchimba. Siku hiyo jua liliwaka vibaya. Majani yote yamekuwa makavu, halafu nikaona humo ndani vitu vya kijani vinanitazama. Masale hayo! Masale hayafi upesi, unaweza kuyakata ukayatupa yakakaa kijani kama yanakusubiri. Nikainua shina moja juu.

"Jamani, haya si masale ya mpaka? Tumeshaingia kwa Scholastica!"

Hildegardi, jirani yangu, aliangalia shina lile, kisha akaanza kuangalia mawingu ambayo hayakuwepo. Shemeji akaja anacheka.

"Shemeji Tadea, funika tu bwana, tutaangalia baadaye. Kande imeiva."

Tukafunika. Nami nilifunika, ndiyo, na kande nilikula, tena nilirudia.

Baadaye yenyewe haikufika. Scholastica alirudi kutoka Tingi na mfuko wa usipa, wale dagaa wa ziwani, wakavu wa kutugawia, akakuta shambani kwake kuna ngoro nzuri zimejaa maharage ya mtu mwingine. Akaenda kwa Mansuetus, akamkuta kibarazani.

"Shikamoo baba. Masale yangu yako wapi?"

"Marahaba. Masale gani?" akajibu shemeji.

Hilo neno lilinifikia jioni ile ile, na nilipolisikia nilikasirika mpaka nikaunguza mboga. Masale gani! Yale niliyoyashika kwa mikono yangu hii! Scholastica akaenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, mzee Salvatory, naye akasema atakuja Jumamosi kwenye jumuiya, awaulize wote waliolima siku ile.

"Mke wangu," Cleopa akaniambia, "yule ni kaka yangu."

"Najua ni kaka yako. Na Scholastica ni nani, paka?"

"Jumatano ngokela ni ya kwetu," akasema. Hakuwa na haja ya kuongeza. Nikisema, hakuna atakayekuja. Majani yetu yalikuwa yamekauka yanangoja, na watoto wetu wanakula hayo hayo maharage.

Basi nikajaribu kunyamaza. Kweli nilijaribu! Ijumaa nzima sikuongea, mpaka kuku wakadhani kuna msiba. Nikashika rozari. Kila nikifika "utuombee sisi wakosefu" naona lile shina la kijani. Nikamwambia Mama Maria, mama, hebu tafuta mtu mwingine, hapa mtaani wako wengi wenye akili na wasio na shamba la kulima.

Jumamosi jumuiya ilikuwa kwa shemeji mwenyewe. Tukasali, tukaimba, tukasoma somo. Scholastica alikaa kwenye mkeka pembeni, na mfuko wake wa usipa alikuwa ameshampa mama mwenye nyumba, kwa ajili yetu wote. Mzee Salvatory akavua kofia, akauliza mmoja mmoja: mlipolima pale, mliona masale?

"Ukungu ulikuwa mwingi," akasema wa kwanza.

"Kwa kweli ukungu, mzee," akasema wa pili.

"Mimi hata mume wangu sikumwona," akasema Hildegardi, watu wakacheka kidogo.

Ikaja hivyo hivyo, ukungu, ukungu, mpaka ikanifikia mimi. Shemeji akatabasamu. "Na shemeji yangu naye ni hayo hayo. Tuendelee na maombi."

Sikudanganyi, niliogopa kweli kweli. Niliona shamba letu limelala bila ngoro, niliona kahawa yangu inaozea kwenye ndoo, mashine iko pale na siwezi kuisogelea. Halafu nikamtazama Scholastica. Alikuwa ananitazama. Aliniangalia bila kudai kitu, kama mtu aliyeshazoea kukosa. Nikasimama.

"Mzee Salvatory, siku ya kufyeka kulikuwa na ukungu. Siku ya kufunika palikuwa na jua, mpaka Hildegardi akajitanda khanga mbili. Masale tuliyaona wote. Mimi niliyashika, nikasema kwa sauti, na mnajua sauti yangu. Yako chini ya ngoro za shemeji, nimeyafunika mwenyewe. Amri ya nane, usiseme uongo, tumefundishwa tangu komunyo ya kwanza, na haikutaja ukungu."

Wote wakainamia mkeka. Mtoto mmoja akaanza kulia, nikamshukuru moyoni.

"Tadea!" Hildegardi akanirukia. "Unamvua nguo shemeji yako, tena nyumbani kwake, tena umekula kande yake?"

"Kande nilikula, na nilishukuru. Sikujua kuwa ni ya kuzibia mdomo."

Hapo ndipo Cleopa aliposimama. Mume wangu huyu, ambaye siku ya harusi yetu padri alimwomba arudie kiapo kwa sababu hakusikika! Alisimama, akashika kofia yake kwa mikono miwili.

"Masale niliyafyeka mimi. Siku ya kupanga majani niliyaona. Kaka, nisamehe, lakini ni kweli."

Nilitaka kumkumbatia pale pale mbele ya picha ya Mtakatifu Anna. Shemeji alifunga Biblia yake polepole, akasema, "Tusali." Tukasali, na sala ile ilikuwa fupi kuliko zote. Mzee Salvatory alisema atakuja siku nyingine na watu wa kufukua. Tulipotoka hakuna aliyetuaga, ila Scholastica alinishika mkono, tukaenda hivyo mpaka njia panda.

Jumatatu nikaandika kwenye kundi la simu la jumuiya: Tumsifu Yesu Kristo. Ngokela yetu ni Jumatano, karibuni nyote. Nikakaa naangalia simu. Wamesoma wote. Hakuna hata mmoja aliyejibu "Milele amina"! Wewe, Mkatoliki akishindwa kujibu "Milele amina", jua hali ni mbaya.

Hata hivyo nilipika. Cleopa aliuliza nampikia nani, nikamwambia nawapikia malaika, wakichelewa tutakula wenyewe wiki nzima. Nikatia kande kwenye sufuria kubwa, nikaandaa togwa. Asubuhi ya Jumatano tukaenda shambani, sisi wawili na majembe yetu. Scholastica alikuwa ameshafika, amejifunga kibwebwe. Tukatazama ule mlima na miraba yake, tukajitazama sisi watu watatu. Nikacheka, maana kulia nilikuwa nimeshalia usiku. Tukaanza kuchimba.

Tulikuwa bado mstari wa kwanza niliposikia wimbo unapanda kutoka bondeni. Nikainuka. Alitangulia shemeji Mansuetus, mabega yote yamejaa matope, amebeba mzigo begani. Nyuma yake Hildegardi, na nyuma yake jumuiya yote na majembe. Shemeji akaja mpaka mbele yangu, akautua mzigo. Yalikuwa ni masale. Kila shina lina chipukizi za kijani na vijizizi vyeupe kama ndevu za mzee.

"Jana nilikwenda kufukua ngoro zangu mwenyewe," akasema. "Nilitaka nimwonyeshe mzee Salvatory kwamba hakuna kitu, kwamba wewe ni mwongo. Nilikuwa nimeshajiaminisha kabisa. Nikayakuta hivi." Akafuta uso, matope yakazidi. "Shemeji, mtu akitaka kudanganya asifukie masale."

Watu wakaangua kicheko, naye akacheka, lakini macho yake yalikuwa yamelowa. Akamgeukia Scholastica, akavua kofia.

"Mama, niliona aibu. Mwenyekiti mzima, nimepotelea shambani kwangu! Nikasema nitarekebisha baadaye. Kisha watu wote wakanikubalia, nikaona basi. Nisamehe. Shamba ni lako, na maharage yaliyomo ni yako."

Scholastica aliyapima yale masale kwa macho. "Nimekusamehe, baba," akasema. "Na ngoro mmechimba vizuri. Mwakani mkikosea tena, mniletee na mbolea."

Basi ikaamuliwa kwamba kabla ya kulima kwetu, wote twende tukayapande masale, kazi ndogo tu ya kuanzia. Tukaenda. Na unaijua nchi yetu: ile tunafika, ukungu ukashuka pu! Hatuonani. Hildegardi akasema tungoje, tusije tukaupeleka mpaka hadi Ngaka kwenye makaa ya mawe.

"Hatungoji," akasema shemeji. Nilimsikia tu, sikumwona. "Mzee Salvatory ameniambia mpaka unaanzia kwenye lile jiwe kubwa la huko juu. Shemeji Tadea!"

"Abee!"

"Nenda kasimame kwenye jiwe. Cleopa atasimama mwisho wa huku chini. Wewe ongea tu, usinyamaze hata kidogo, sisi tutapanda kufuata sauti yako."

"Niongee nini?"

"Chochote," akasema Cleopa kutoka chini, kwa sauti kubwa ambayo sijawahi kuisikia. "Sema kweli tu."

Nikasimama kwenye jiwe nikaongea. Niliongea habari za kahawa, za Recho na mtoto wake, za usipa waliochomwa vibaya, za Hildegardi na khanga zake mbili. Ukungu ulipoinuka tukautazama mstari wa masale. Ulikuwa umenyooka kutoka kwangu mpaka kwa mume wangu, tukaenda kulima kwetu.