Kompyuta ya Wifi Yangu

Wifi yangu alikuwa na tabia ya kuipiga kompyuta yake kofi la ubavuni kila asubuhi baada ya kuiwasha. Kofi la wastani tu, lisilo na hasira, kama la mzazi anayemwamsha mtoto wa shule. Akishaipiga, feni ilikohoa, ikanguruma kidogo, kisha ikatulia. Asipoipiga, ililia mchana kutwa na sote tukarudi nyumbani na vichwa vinavyogonga. Kasha lake liliwahi kuwa jeupe, lakini mimi nilipoanza kazi pale lilikuwa limeshageuka rangi ya meno ya mvutaji sigara. Kaka yangu aliiita Bibi.

"Bibi kaamka?" aliuliza kila alipoingia na chupa ya chai.

"Kaamka," wifi alimjibu. "Anatafuta miwani."

Bibi huyo ndiye aliyetulisha. Ndani yake mlikuwa na programu ya kuchora nembo, na nyuma yake ulitoka waya mnene uliokwenda hadi kwenye mashine ya kutarizi, dude la chuma lililomeza nusu ya chumba. Wifi alichora kwenye skrini simba, kitabu, mwenge, chochote shule ilichotaka, kompyuta ikaielekeza mashine sindano ipite wapi, mashine ikashona. Vyote viwili walivinunua pamoja, vikiwa vikuukuu tayari, kutoka kiwanda cha nguo kilichokuwa kinafunga milango. Ulikuwa mwaka ambao mgongo wa kaka ulimtoa kwenye udereva wa malori, na kiinua mgongo chake chote kiliishia humo. Watu waliwacheka. Baadaye watoto wa shule karibu zote za mji ule wakawa wanatembea na kazi ya mikono ya wifi yangu vifuani, na waliocheka wakaja kuomba kupunguziwa bei.

Tulikuwa watatu. Wifi alishika kompyuta. Kaka alishika nyuzi: alikaa kwenye kiti chenye mto, akabadilisha rangi na kuunga uzi uliokatika, maana kusimama kulikuwa kumemshinda. Mimi nilimalizia kingo kwa cherehani ya ovaloki. Chumba kilikuwa kidogo, na mtu akipiga chafya wote watatu tuliinua vichwa, lakini hatukuwahi kugombana humo. Nalisema hili kwa sababu ni kweli, na kwa sababu sijapata kufanya kazi mahali pengine nikaweza kulisema.

Iliharibika asubuhi moja, katikati ya kazi ya chuo cha wauguzi. Nembo yao ilikuwa taa yenye mwali, na chini yake mikono miwili iliyokingwa. Wahitimu walitakiwa kuivaa kwenye makoti yao meupe siku ya mahafali. Kazi kubwa kuliko zote tulizowahi kupata, na wifi alikuwa ameshaanza kuzungumzia kupaka chumba rangi.

Tulisikia paa! Kama mtu amekanyaga chupa tupu ya plastiki. Skrini ikawa nyeusi. Harufu ikafuata, ile ya waya ulioungua, inayokaa kooni. Sindano ilisimama juu ya kitambaa ikiwa imeshona taa na nusu ya mwali.

Wifi aliipiga kofi. Kimya. Akaipiga tena, kwa nguvu zaidi. Alipoinua mkono mara ya tatu, kaka akaushika.

"Iache, mwenzangu. Bibi kachoka."

Hakuna aliyecheka, hata yeye mwenyewe.

Tulimwita Fundi Kimya, aliyepewa jina hilo kwa kuwa hajawahi kunyamaza. Alifungua kasha huku akitusimulia habari za harusi aliyotoka jana yake, na ndani tukakuta vumbi la nyuzi limejazana kama pamba ya mto.

"Mama," alimwambia wifi, "hii kompyuta mlikuwa mnaitumia au mnaishonea godoro?"

Alisema kilicholipuka ni pawa saplai, kile kisanduku cha kuingizia umeme, jambo dogo, kila siku anakutana nalo. Akatoka, akarudi na nyingine aliyoichomoa kwenye kompyuta mbovu dukani kwake, akaifunga huku anapiga soga. Akabonyeza kitufe. Hakuna kitu. Akachomoa, akachomeka, akainama, akamulika ndani kwa tochi ya simu. Habari za harusi zikakatika. Nilipoona Fundi Kimya amenyamaza, nilijua tumekwisha.

"Madabodi," alisema mwishowe. "Pawa ilivyolipuka, umeme ulipita nayo. Njooni muone."

Tuliinama wote watatu, kaka akijishika kiuno. Kwenye madabodi, lile bamba la kijani linalobeba viungo vyote, kulikuwa na vikopo vidogo vidogo vilivyopangwa kama askari, na kadhaa kati yake vilikuwa vimevimba vichwa. Kimoja kilikuwa kimevuja ute wa kahawia.

"Si tutanunua nyingine," alisema kaka.

"Iko wapi, mzee wangu? Kompyuta za siku hizi hazina tundu la huu waya wenu. Huu wenye meno kama kitana, unauona? Ukiionyesha kompyuta mpya, itakushangaa. Inabidi tupate madabodi ya rika lile lile, na wanaozitafuta siku hizi ni ninyi na majumba ya makumbusho."

Alimjua mtu mmoja, mji wa mbali, aliyehodhi vitu vya zamani. Akampigia simu pale pale. Mtu yule alikuwa nayo, na alijua wazi kwamba anayemtafuta hana pengine pa kwenda. Alipotaja bei, wifi alivuta kiti akakaa. Kwa bei ile, mtu angenunua kompyuta mpya pamoja na meza ya kuiwekea.

Tukauza ovaloki. Ilikuwa kitu pekee cha thamani mle ndani ambacho hakikuhitaji Bibi ili kifanye kazi, na ndiyo iliyokuwa riziki yangu. Wifi aliponiangalia kabla ya kuitoa, nilimwambia, "Uza tu, tutanunua nyingine." Niliamini nilichokuwa nasema.

Wakati tunasubiri mzigo, wifi alikwenda kumwomba matroni wa chuo atuongezee muda. Nilimsindikiza. Matroni hakuwa mtu mbaya. Alituketisha, akatusikiliza hadi mwisho, akavua miwani.

"Dada yangu, pole sana. Lakini mahafali hayaahirishwi kwa sababu ya kompyuta. Nitakupa mpaka wiki ijayo iishe. Zaidi ya hapo, na mimi nina wakubwa wangu."

Madabodi ilifika imeviringishwa kwenye kipande cha sponji. Fundi Kimya aliifunga taratibu, na kadiri alivyokaza skrubu ndivyo maneno yalivyomrudia. Alipofika kwenye skrubu ya mwisho alikuwa ameshatueleza ugomvi wote wa mama mkwe wake na wapangaji. Akabonyeza. Feni ikakohoa. Skrini ikawaka, polepole, ikaleta picha ileile ya maua aliyoiweka wifi miaka mingi nyuma.

Kaka alipiga makofi kama yuko uwanjani. Wifi aliinama akalibusu lile kasha la njano, kisha akaanza kujifuta midomo vumbi huku anacheka na machozi yanamtoka. Tulikumbatiana, Fundi naye tukamkumbatia. Dakika zile chache nazikumbuka kuliko harusi yangu.

Kisha akafungua programu. Badala ya ukurasa wa kuchorea, kikatokea kisanduku kidogo chenye maandishi: ufunguo hauonekani.

"Ufunguo gani?" niliuliza.

Hakuna aliyekuwa anaukumbuka. Ulikuwa kidude cha plastiki, kikubwa kidogo kuliko kiungo cha kidole gumba, kilichochomekwa nyuma ya kompyuta tangu siku ilipotoka kiwandani. Waliotengeneza programu walikiweka ili isiibwe: kidude kisipokuwepo, programu haifanyi kazi. Fundi alikichomoa, akakinusa. Akampa wifi, naye akakinusa, akampa kaka. Kilipofika kwangu sikuhitaji kukisogeza puani. Nacho kilikuwa kimeungua siku ile ile.

"Kitengeneze," wifi alisema.

"Mama, hiki hakitengenezwi. Kimezibwa pande zote, na kilichomo wanakijua wenyewe."

"Basi tuwatafute wenyewe."

Tuliwatafuta. Kampuni ile ilikuwa imeshanunuliwa na nyingine, na hiyo nyingine ilikuwa imeiacha programu ya zamani. Wifi aliwaandikia, mimi nikamsaidia kupanga maneno, tukaeleza kila kitu, mpaka mgongo wa kaka. Jibu lilikuja baada ya siku kadhaa, la adabu kabisa. Walitushukuru kwa kuwa wateja wa muda mrefu. Walisikitika kwamba funguo hizo hazipatikani tena. Walitushauri kununua mashine mpya pamoja na programu yake, wakaweka picha na bei.

Kaka aliisogeza simu machoni, akaiweka mbali, akaisogeza tena.

"Hii bei," aliuliza, "au namba yao ya simu?"

Fundi Kimya hakukata tamaa haraka. Alileta programu za magendo, akazijaribu moja baada ya nyingine, bila kutudai kitu. Moja ilifunguka, ikachora vizuri tu, tukaanza kujipa moyo. Lakini mashine haikuisikia. Ilikaa pale na sindano zake juu, kama kiziwi anayesubiri kuguswa bega. Fundi alijaribu hadi akaishiwa, akakusanya bisibisi zake, akaaga kwa sauti ndogo. Hakupita tena mlangoni petu. Nadhani aliona aibu, ingawa hakuwa na kosa.

"Tutashona kwa mkono," wifi alisema kesho yake, akaweka mezani sindano tatu.

Tukajikaza. Wifi alichora taa kwenye vitambaa kwa chaki, nasi tukafuata mistari. Mikono ya kaka imezoea usukani wa lori, si sindano, na mwali wake wa kwanza ulitoka mnene juu, umechongoka chini. Aliuinua tuuone.

"Karoti," nilisema.

"Basi waambieni kimekuwa chuo cha kilimo."

Tulicheka mpaka wifi akashindwa kujizuia, na kicheko kikamgeukia kuwa kilio. Kaka aliweka karoti yake chini, akamsogelea na kiti chake. Alimshika tu bega. Baadaye tukaendelea kushona.

Matroni alikuja mwenyewe siku ya mwisho aliyotupa. Nembo zilizokuwa tayari zilijaa kwenye sahani moja. Alizishika moja moja, akazigeuza nyuma kuona mafundo, na uso wake ukalegea.

"Hizi ni nzuri kuliko za mashine," alisema. "Nazungumza kweli. Lakini nitamvalisha nani hizi, na nani nimwache?"

Dereva wa chuo alibeba marobota ya vitambaa vilivyobaki, akayapeleka kwenye karakana kubwa ya upande wa pili wa mji, ya mtu aliyeitwa na kila mmoja Tajiri. Zile tulizomaliza matroni alituachia. Sijui alidhani ni wema.

Habari ikaenea, na shule nazo zikahama, moja moja, bila maneno makali. Mwenye nyumba akaanza kuulizia kodi ya chumba. Kaka akasema tuiuze mashine kwa Tajiri, angalau irudishe gharama za ile madabodi. Tajiri alikuja, akaizunguka, akapapasa chuma chake kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Mashine nzima hii," alisema. "Miguu mizima, mikono mizima. Ila haina kichwa, na kichwa chake hakiuzwi popote." Akamgeukia wifi. "Lakini wewe, dada, nikikupa kazi utakuja?"

Wifi alisema atafikiria. Hapakuwa na cha kufikiria, na Tajiri alilijua hilo.

Aliyeinunua mashine alikuwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Haikupita mlangoni. Ile siku ya kuiingiza waliondoa dirisha zima. Siku ya kuitoa, hakuna aliyeona haja ya kusumbuka hivyo. Wakaja na nyundo. Kaka alitoka nje akasimama juani, yeye asiyeweza kusimama, akaendelea kusimama mpaka kelele zilipokwisha. Wifi alibaki ndani. Aliwaonyesha bolti za kuanza kulegeza, ili wasipate tabu.

Mimi nikapata kazi ya kufua kwenye nyumba za watu. Wifi akaenda kwa Tajiri. Aliomba awekwe kwenye kompyuta, wakamwambia huko kuna vijana tayari, wenye vyeti, na mashine zenyewe ni za kisasa, angechanganyikiwa. Wakampa pasi. Nembo zikitoka mashineni, yeye huzipiga pasi upande wa nyuma, amesimama, kuanzia asubuhi mpaka kengele ya kutokea.

Jioni moja nilikwenda kuwaona. Kaka alikuwa amelala ubavu, ameegemeza mgongo ukutani, akasema hajambo kwa namna ya kunizuia nisiulize zaidi. Wifi aliingia, akavua viatu mlangoni, akakaa juu ya kitanda bila hata kuvua mtandio. Miguu ilikuwa imemvimba.

"Leo wamenisifu," alisema.

"Nani?" kaka aliuliza.

"Msimamizi. Yule binti. Amesema mbele ya wote kwamba tangu nianze sijaunguza hata moja."

Nilimwangalia usoni nione kama anatania, maana zamani asingemaliza sentensi kama ile bila kucheka. Hakuwa anatania. Alikuwa anasubiri tuseme kitu.

"Hongera, mwenzangu," alisema kaka.

"Hongera, wifi," nami nikasema, nikaenda kumchemshia maji ya kukanda miguu.