Ng'ombe wa Baba Hawakuwamo

Kila asubuhi, kabla ya kugusa kitu kingine, Kabula alifuta kioo cha kompyuta kwa pindo la khanga, akabandika birika, kisha akaketi kusoma maswali ya programu aliyoyaandika kwenye daftari. Kwa nini "5" na "5" zinaleta 55? Amri za puts na print zinatofautiana nini? Ile end ya mwisho inafunga kitu gani hasa? Ulikuwa mwaka 2014, na katika ofisi ndogo ya chama cha wafugaji pale Tunduma hakuna aliyejua Ruby, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, ila yeye. Naye alijua kama mtoto anavyojua njia ya kisimani: kwa kukanyaga alipokanyaga jana.

Siku hiyo birika halijachemka, mlango ukasukumwa. Alikuwa mzee Boazi, daktari wa mifugo, boksi la barafu kifuani.

"Kabula, chanjo zimefika leo badala ya wiki ijayo. Gari linaunguruma nje. Nipe orodha ya wafugaji wa kijiji cha Ndalambo."

"Sasa hivi, mzee?"

"Kwani barafu inakusubiri wewe?"

Homa ya mapafu ilikuwa imeshaua ng'ombe kijiji cha jirani. Chanjo zilikuwa chache, na zingekwenda kwa kaya zilizomo kwenye orodha tu, kwa idadi iliyoandikwa. Kabula aliendesha programu yake. Majina yakamiminika. Boazi akainama kusoma, akaangua kicheko.

"Stamili! Stamili ana kuku watatu na jogoo mkorofi. Nikamchome sindano jogoo?"

Kabula alitazama. Stamili aliandikiwa ng'ombe sifuri. Gwalugano, mkulima wa mahindi, sifuri. Wenye sifuri wote wamo. Akatafuta jina la baba yake, Nkwabi. Akashuka hadi chini, akapanda tena. Halimo.

Alisoma upya mistari yake. Mbele ya macho yake ilisema jambo la wazi kabisa: if ngombe, yaani kama ng'ombe wapo, chapa jina. Neno ng'ombe aliliandika bila ile alama ya juu, maana siku ya kwanza Ruby ilimgomea, ikidhani amefungua maneno asiyoyafunga. Mwenye ng'ombe aingie, asiye nao abaki nje. Sasa mbona wasio nao wameingia, na mwenye zizi linalosikika hadi barabarani ameachwa?

Akampigia Gwakisa, aliyesoma naye chuo kule Mbeya.

"Gwakisa, kwani sifuri si ndiyo hakuna?"

"Kwako wewe. Kwa Ruby sifuri ni namba kama saba, inapita kwenye if bila kuulizwa. Zinazozuiwa mlangoni ni mbili tu, false na nil."

"Nil ndiyo nini?"

"Swali hilo huuliza kila anayeanza, usione haya. Stamili ulimuuliza, akakwambia hana. Hilo ni jibu. Nil ni pale pasipo na jibu lolote. Kuna mtu ulimwacha patupu, hukuandika kitu?"

Alikuwepo mmoja. Kwao mtu hatangazi idadi ya ng'ombe wake, na mtoto kumuuliza baba ni kukosa adabu kupita kiasi. Siku ya kuandikisha alifika nyumbani, akanywa maziwa ya mgando, akacheka na mama yake, akaondoka na nafasi tupu kwenye fomu.

"Andika ngombe iwe kubwa kuliko sifuri," alisema Gwakisa.

Akaandika. Stamili akatoka, Gwalugano akatoka. Kisha programu ikafika kwa Nkwabi, ikakwama hapohapo, ikalalamika kwamba nil haiwezi kulinganishwa na kitu. Kabula alichanganyikiwa zaidi ya mwanzo. Kumbe hata kumpita haikutaka.

"Weka thelathini, twende," alisema Boazi.

"Wakiwa zaidi?"

"Watakaozidi watakosa. Nyie Wasukuma bwana! Ng'ombe mnamjua kwa jina, kwa baka, mpaka bibi yake. Idadi, kimya!" Akatoka kwenda garini.

Kabula alipiga simu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mayu, mwanangu. Umekula?"

"Nimekula," alisema, naye hajala. Akauliza mvua. Akauliza goti lake. Akauliza mama. Nje honi ikalia.

"Umenipigia asubuhi yote hii kwa ajili ya goti?"

"Hapana, baba. Chanjo inakuja huko leo. Inatakiwa idadi."

"Nani anaitaka?"

"Kompyuta."

"Yenyewe ina ng'ombe wangapi?"

Siku nyingine angecheka, akaage, akate simu. Leo alishika ukingo wa meza.

"Baba, siku ile sikukuuliza kwa sababu nilikuonea haya. Sasa haumo kwenye orodha, na mimi ndiye niliyekuacha nje. Naogopa ng'ombe watakufa."

Kwenye simu, nyuma ya baba yake, ng'ombe mmoja alilia, akajibiwa na mwingine.

"Mia moja na kumi na saba," baba yake alisema kwa sauti ndogo, kama mtu anayeongea kanisani. "Na ndama wawili wa juzi. Andika."

Kabula akaandika, akaendesha programu; jina la Nkwabi likatokea.

"Sikuwa nakuficha wewe, mayu. Tulikotoka watu wa serikali walikuja na daftari, wakahesabu ng'ombe kwanza, ndipo wakatuhamisha. Naogopa kuhama tena."