Upepo wa Ukurasa wa Mazingira

Kabla ya alfajiri, gizani, maji yalidondoka kutoka kwenye shuka lililotundikwa dirishani mpaka kwenye beseni. Tone. Kimya. Tone. Karani wa tovuti ya halmashauri aliisikiliza sauti hiyo akiwa kitandani. Ikikoma, shuka limekauka. Shuka likikauka, moshi wa dampo unapita dirishani na kuingia kifuani mwa binti yake. Ilipokoma aliinuka, akalichovya shuka, akalitundika tena. Mtoto alikuwa akipumua kwa mluzi mwembamba.

Dampo liliungua masika na kiangazi. Kazini, afisa mazingira alikuwa na kipimo cha moshi juu ya paa, na kila wiki alimletea karani takwimu za kupandisha mtandaoni. Kila wiki Mkurugenzi alisema zisubiri.

"Zisubiri nini, mkuu?" karani aliuliza siku moja.

"Nani kaziulizia? Mtu hajabisha hodi, wewe ushamfungulia mlango!"

Kisha Mkurugenzi akaja asubuhi moja, simu mkononi, amenuna.

"Wenzetu wa ng'ambo ya mlima wameweka ukurasa wa mazingira. Wana miti, wana asilimia, wanasifiwa kila kona. Wafadhili wako njiani, uchaguzi huo mlangoni, sisi tumekaa kimya kama maiti. Nataka wa kwetu leo."

"Niweke takwimu za afisa?"

"Weka kama za wenzetu."

Karani alilitii agizo kama lilivyotamkwa. Aliunakili ukurasa wa wenzao mzima mzima, akabadilisha jina la mji, akabonyeza.

Upepo ukatoka kwenye kioo cha kompyuta. Ulikuwa wa baridi, unanukia misonobari baada ya mvua, na ulipeperusha karatasi zilizokuwa mezani. Afisa mazingira aliziwahi zake, akazikandamiza kwa kikombe cha chai.

"Misonobari hiyo," alisema. "Na mji huu hauna msonobari hata wa dawa."

Jioni karani aliufungua ukurasa kwenye simu yake, akaiweka juu ya mto. Mluzi ukapungua, ukaisha. Binti yake alilala kinywa kimefungwa, kama watoto wa watu wengine.

Jirani yake, bibi fundi cherehani aliyekuwa akilea mjukuu mwenye pumu, alipata habari kwanza. Baada ya hapo mtaa mzima ukawa unakaa vibarazani magharibi ikiingia, simu usoni. Asiye na bando aliegemea bega la aliye nalo. Idadi ya wanaoutembelea ukurasa ilipanda, na Mkurugenzi akapewa ngao ya uwazi. Halmashauri ya ng'ambo ya mlima iliandika kulalamika kwamba misonobari yake imesimama kama nguzo, haitikisiki hata jani. Mkurugenzi akajibu kwamba upepo hauna mwenyewe.

Na kwa kuwa ukurasa ulisema hewa ya mji ni safi, kikao kikapitisha dampo lipanuliwe hadi kwenye ukuta wa shule ya chekechea. Hakuna aliyepinga. Wajumbe walikuwa wamefungua madirisha ya simu zao na walikuwa wakipumua vizuri.

Binti wa karani alisoma katika chekechea hiyo.

Kesho yake mchana, karani aliing'oa misonobari yote na kuweka takwimu za kipimo cha paa. Alipofika nyumbani, moshi ulikuwa ukitoka katika kila simu ya mtaa, mweusi, wa matairi na nepi. Alitarajia watu waelekee ofisi za halmashauri. Walikuwa mlangoni kwake.

"Mwanangu, umetufanyia nini?" bibi fundi cherehani alisema. Alikuwa amembeba mjukuu mgongoni, na mjukuu alikuwa amelegea. "Huyu alikuwa amelalia simu."

"Ndio ukweli wenyewe, bibi. Wakubwa wakiuona mtandaoni, watalifunga dampo."

"Ukweli tunao puani, tena wa bure! Wakubwa wanapita hapa, pua hawana? Sisi habari hatukukuomba. Pumzi ndiyo tuliyokuomba."

Ndani, binti yake alikuwa ameketi wima juu ya godoro, midomo ya kijivu, anaisukuma simu mbali kwa mkono mmoja. Karani alikaa kando yake, akairudisha misonobari mmoja mmoja. Hakungoja kuagizwa. Mkurugenzi alikuwa mkutanoni, na huko moshi uliotoka simuni ulichukuliwa kuwa mtandao mbovu.

Wiki iliyofuata malori yakaanza kumwaga taka ukutani mwa chekechea. Wafadhili walikuja, wakaufungua ukurasa, wakavuta pumzi ndefu na kusema mji umepiga hatua. Afisa mazingira aliendelea kupanda paani. Karani aliendelea kuzipokea takwimu zake na kuzihifadhi, kwa kuwa binti yake angekua, na labda angekuja kuuliza.

Jioni moja karani na binti yake walikaa kizingitini. Moshi wa taka mpya ulikuwa umeshuka hadi kwenye magoti ya wapita njia, nao walisalimiana na kupita. Mtoto alikuwa ameilaza simu kifuani. Misonobari kwenye kioo ikasimama kama nguzo. Aliitikisa simu kama chupa tupu, akaisikiliza, akamrudishia mama yake.

"Mama, upepo umeisha."