Nyumba Iliyouzwa kwa Adabu

Mume wangu alikuwa fundi bomba, na nyumba yetu aliijenga kama alivyokuwa akiunga mabomba: kipande leo, kipande akipata. Tulianza na vyumba viwili na choo cha nje. Watoto walipoanza kazi, kila mmoja aliongeza chake. Kifungua mimba wetu, ambaye hata mimi mama yake namwita Mwalimu kwa kuwa ndiyo kazi yake, alijenga chumba cha mbele kwa mishahara yake ya mwanzo. Binti yangu, Mama Pacha, aligharamia jiko la ndani ili nisipike tena nikinyeshewa. Kitinda mimba, ambaye tangu alipojua kusema hajanyamaza, ndiyo maana tukamwita Redio, aliezeka baraza akaweka umeme wa nyumba nzima kwa mikono yake. Ukiitazama kutoka barabarani ilikuwa kama treni iliyosimama, kila behewa na rangi yake. Niliipenda hivyo hivyo.

Mzee alipofariki hakuacha wosia. Alikuwa mtu wa kuahirisha mambo ya karatasi. Nikimkumbusha alikuwa akisema, "Karatasi haivuji, Mama Mwalimu. Inaweza kungoja." Ikangoja, hata ikatukuta sisi.

Watoto wakakaa kikao, wakamteua Mwalimu awe msimamizi wa mirathi. Hakukuwa na ubishi. Watu waliokuja kutuhani walitusifu, wakasema kwingine ndugu hutoana macho kabla ya matanga kwisha, lakini ninyi mnaongea kama mko kanisani, au msikitini, kila mmoja alisema kwa namna yake. Nami nikajisikia vizuri. Nilijua Mzee angefurahi.

Siku ya kwenda mahakamani tulivaa nguo nzuri. Karani alikuwa mtu mzima mwenye koti lililochakaa viwiko. Aliponiona nimesimama, akainuka akanipa kiti chake mwenyewe, akaandika akiwa amesimama. Sijasahau. Akasoma hati ya kifo, akasoma muhtasari wa kikao, kisha akatueleza taratibu, bila haraka.

"Nyumba hii ina warithi wanne. Mnaweza kuiacha ilivyo, mama akaendelea kukaa, majina yenu wote yakaingia kwenye hati. Au mnaiuza mnagawana. Wengi huuza, wanasema inaepusha maneno huko mbele. Ninyi mnataka ipi?"

Hapo lazima nieleze tabia ya nyumbani kwetu. Kwetu mtu hatamki anachokitaka. Unasubiri mwenzako atamke chake kwanza, ili umwachie. Kipande cha mwisho cha nyama kilikuwa kikizunguka mezani, chukua wewe, hapana chukua wewe, mimi nimeshiba, hata kikapoa, akala paka. Paka wetu alikuwa mnene kuliko paka wa buchani, na alinenepa kwa adabu yetu. Mimi na Mzee ndio tuliowafundisha watoto hivyo, na nilijivunia.

Mwalimu akanigeukia. "Mama, wewe unasemaje?"

Nilitaka kusema, niacheni pale pale. Neno lilifika kwenye meno. Lakini nikaona ukosi wa shati la Mwalimu ulivyolika, mkewe ameugeuza na kuushona upya. Nikawakumbuka wale pacha wanaoingia sekondari mwaka mmoja, sare mara mbili, vitabu mara mbili. Nikamkumbuka Redio, ambaye amefukuzwa kwenye kibanda alichokuwa akitengenezea pasi na feni za watu. Nikawaza, kikongwe mimi nitaatamiaje haki ya wanangu watatu kama kuku?

Nikasema, "Mimi popote nitakaa, wanangu. Amueni ninyi."

Redio akakuna kichwa. "Kama Mama hana neno, mimi nani niseme?"

"Mimi nawafuata kaka zangu," akasema Mama Pacha, macho chini.

Karani alitutazama mmoja mmoja. "Kwa hiyo mnauza?"

Mwalimu alikawia. "Kama wote ndivyo mnavyoona."

Hakuna aliyesema ndiyo, na hakuna aliyesema hapana. Tuliinamisha vichwa tu, na kichwa kilichoinama mahakamani kinahesabiwa kuwa kimekubali. Tangazo likabandikwa ubaoni ili mwenye pingamizi ajitokeze. Muda wake ukapita. Hakimu alituuliza tena kama kuna mwenye neno, na akatungoja, maana naye alikuwa mtu mwema. Tukanyamaza vizuri kabisa.

Mnunuzi alipatikana upesi kuliko nilivyoomba. Alikuwa nesi wa wodi aliyolazwa Mzee. Yeye ndiye aliyekuwa akimgeuza bila kumtonesha, na alikuwa akimwita "fundi wangu" hata siku ambazo Mzee hakumtambua mtu. Alipokuja kuiona nyumba alivua viatu mlangoni. Alipita chumba kwa chumba akigusa kuta. Akasema, "Hii nyumba imejengwa na watu wanaopendana." Angekuwa mtu wa kudharau, wa kuuliza kwa nini paa limepinda hivi, huenda mmoja wetu angekasirika na ulimi ungefunguka. Lakini alisifu, tukamshukuru, akatoa malipo ya awali.

Mambo yaliharibika, au niseme yalijulikana kuwa yameharibika, siku ya kufungasha vyombo. Watoto walikuja wote kunisaidia. Mama Pacha alikuwa akifunga vikombe kwa magazeti, nami nakunja mashuka. Redio alipanda ngazi kufungua taa ya chumba cha mbele. Mara nikamsikia kanyamaza. Redio akinyamaza, jambo lipo. Nikaenda kuchungulia. Alikuwa juu ya ngazi, taa mkononi, akimtazama kaka yake, na Mwalimu, mtu wa mvi, alikuwa amesimama kifua ukutani, ameegemeza kichwa kama mtoto aliyeambiwa afumbe macho wenzake wakajifiche.

"Kaka," Redio akamwambia, "si wewe ndiye uliyetaka kuuza?"

Mwalimu akageuka. "Mimi? Nilitaka nini? Wewe ndiye uliyekosa kibanda. Nikasema mdogo wangu apate pa kuanzia."

"Nani alikuomba? Mimi nilinyamaza kwa ajili ya pacha. Nilidhani dada ana shida, anaona haya."

Mama Pacha alikuwa ameshafika mlangoni, kikombe mkononi. "Shida ninayo, tangu lini sina? Lakini kuuza kwa Mama? Mimi nilifikiri Kaka Mwalimu amechoka kutengeneza paa kila masika. Nikasema nisimbane."

"Sijachoka."

"Mbona hukusema?"

"Mbona wewe hukusema?"

Redio akashuka ngazi. "Kwa hiyo aliyetaka kuuza ni nani hasa? Paka?"

Hakuna aliyecheka. Wakanigeukia wote watatu, na Mwalimu akauliza kwa sauti ndogo, "Mama, wewe je?"

Nikakaa juu ya furushi la mashuka. "Mimi nilitaka nife humu," nikasema. Ilikuwa mara ya kwanza neno hilo kutoka, na lilitoka jepesi sana, kama halikuwa na kazi kulisema.

Mama Pacha alilia. Redio alizunguka chumba akijipiga paja. Mwalimu ndiye aliyesimama kiume. Alisema hati bado haijabadilishwa jina, malipo ya mwisho bado, na yale ya awali yapo benki hayajaguswa. Kesho yake tungekwenda kwa Nesi sote, tumwombe radhi, tumrudishie chake. Yeye ni mtu muungwana, ataelewa. Akamchagua Redio awe msemaji, kwa kuwa hajawahi kukosa maneno. Usiku ule nililala usingizi mzuri kati ya maboksi.

Nesi alikuwa amepanga vyumba viwili nyuma ya stoo ya mbao, na vumbi la msumeno lilikuwa linaingia hadi ndani. Alitukaribisha kwa furaha kama ndugu waliotoka safari. Mizigo yake ilikuwa imefungwa, imepangwa ukutani, maana alikuwa ameshampa mwenye nyumba taarifa na mpangaji mwingine ameshakuja kupima pazia. Kitandani alikuwepo mama yake, mdogo kama mtoto, kifua kikimpiga filimbi kwa lile vumbi. Nesi akaazima vikombe kwa jirani ili tutoshe. Kisha akakaa chini mkekani, sisi tuko vitini, akasema, "Nilikuwa nawafikiria ninyi tu. Haya, nambieni."

Tukamtazama Redio.

Redio akakohoa. Akasema kuna joto. Akasema mvua mwaka huu imechelewa. Akasema chai ni nzuri. Nikaona jasho likimtoka puani. "Sasa, Nesi," akasema, "tumekuja kuhusu ile nyumba."

"Ndiyo."

"Ile nyumba ina jambo."

"Jambo gani, kaka?"

Yule mgonjwa akaanza kukohoa. Nesi akamwinua mgongo kwa mkono mmoja, taratibu, vile vile alivyokuwa akimwinua Mzee. Sote tuliuona mkono ule. Kikohozi kilipotulia, Redio alisema, "Soketi ya chumba cha mbele imelegea. Nitakuja kuikaza kabla hujahamia. Usinilipe."

Mwalimu akamkazia macho, kisha akavuta pumzi ya kusema mwenyewe. Nikamwona kabisa anafungua mdomo. Nesi akamwahi bila kujua. "Mwalimu, Mungu akuzidishie. Nimewaambia wanangu watasoma shuleni kwako."

Mwalimu akafunga mdomo. Akaufungua tena. "Nitaongea na mwalimu mkuu," akasema. "Nafasi zitapatikana."

Alibaki Mama Pacha, na Mama Pacha tangu utoto ndiye mkali wa nyumba. Nikaweka matumaini yangu yote kwake. Yeye alikuwa ameshika ncha ya kitambaa kilichokunjwa juu ya mizigo. Akauliza ni cha nini. Nesi akasema ni cha mapazia, alikipata kwa bei nafuu, ila hajui madirisha yana upana gani. Binti yangu akakipima kwa kiganja, akakunja midomo, akasema, "Hakitatosha dirisha la jikoni. Nitakuongezea kipande."

Nikajua ni mimi niliyebaki. Nilisogea karibu na kitanda ili niseme kwa mkubwa mwenzangu, maana wazee huelewana. Nikamwamkia. Akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili, ya moto na mikavu.

"Dada," akasema, "eti kwako jua la asubuhi linaingia chumba kipi?"

Ningeweza kumwambia, jua la kwangu ni langu. Watu husema hivyo, nimewasikia. Kuna watu wangeyasema hayo na kinywa kisioze. Mimi nilimwambia, "Chumba cha nyuma, mama. Linaingia mapema, linafika mpaka kitandani."

Akafumba macho akatabasamu. Chumba hicho kilikuwa changu na Mzee.

Tulirudi kwa miguu. Malipo ya awali, tuliyoyatoa benki asubuhi ile, tulirudi nayo kwenye bahasha ndani ya koti la Mwalimu, hayakutoka. Karibu na kona Redio alisema, "Mimi nilianza vizuri." Mama Pacha akamjibu, "Ulianza na mvua." Wakaanza kucheka, wote watatu, wakashikana mabega katikati ya njia, na watu wakatupisha. Mimi nilicheka nao. Ningefanyaje? Ningemlaumu nani kati yao, na kwa kosa gani? Niwaambie mmekosa kuwa wakatili?

Ilibaki kujua mimi nitakwenda wapi. Mwalimu alisema kwake. Mama Pacha alisema kwake, ila kama nitapenda kwa Kaka ni sawa. Redio alisema kwake ni padogo lakini kuna kicheko, ila asinikwamishe. Nikawasikiliza, nikijua kwamba hapo ndipo pa kusema nataka huku. Nikasema, "Popote, wanangu." Sasa nakaa kwa zamu. Nimepata shuka langu kila nyumba, na kila mkwe ananipa kiti kizuri. Sina la kulalamika, na hilo nalo ni zito, kukosa hata la kulalamika.

Baada ya Nesi kuhamia, alinitumia ujumbe kwamba bomba la jikoni linanguruma na fundi waliyemleta haoni kasoro. Nikaenda. Nilijua ni kilango cha maji kilichofichwa nyuma ya karo, Mzee alikiweka huko kwa kuogopa watoto wasikichezee. Ulikuwa mchana. Mlango ulikuwa wazi, na pazia la jikoni lilionekana kwa nje, na kile kipande alichokiongeza binti yangu. Kule nyuma nilimsikia mama yake Nesi akiongea na wajukuu, na kifua chake hakikupiga filimbi.

Nilifika kwenye kizingiti, mguu ukataka kupita wenyewe kama ulivyozoea. Nikaurudisha. Nikavua viatu, nikavipanga ukutani.

"Hodi," nikasema.

"Karibu, Mama," Nesi akaitika kutoka ndani. "Pita tu, hapa ni kwako."

Nikangoja pale pale mpaka alipokuja kunichukua.