Asili Mbili za Ezita

Katika ofisi ya kamusi ya Kiromania mjini Iași, Alhamisi haikufanyika kazi ya maana mpaka Bwana Leontin aje agombane na Bi Veturia. Mzee huyo alikwisha kustaafu, ila kustaafu kwake kulikuwa kwa jina tu. Alikuja na mfuko wa mikate ya duara yenye ufuta, akaketi mbele ya meza ya Veturia, wakaanza.

Waligombania neno moja, ezita, yaani kusitasita. Leontin alishikilia kwamba ni la Kifaransa, lililetwa na vijana waliosomea Paris. Veturia alisema ni Kilatini kitupu, na kwamba vijana hao hawakuleta chochote ila mitindo ya kofia. Waliitana vichwa vigumu, kisha wakagawana mkate wa mwisho.

Siku moja Ilinca, mkuu wa ofisi, akasema basi. Mchapaji alikuwa anaidai herufi E. Ifanywe kama ilivyofanywa kwa maneno chungu nzima ya Kiromania: ziandikwe asili zote mbili, Kifaransa na Kilatini, yaishe. Veturia alijua hilo ndilo jibu sahihi, tena alilijua zamani. Lakini yeye ni mjane, nyumba yake imepooza, na mzee asiye na wa kugombana naye atapanda tramu kuja kufanya nini?

Alhamisi ilipofika akamweleza Leontin uamuzi huo, macho yakiwa kwenye kikombe cha chai. Leontin akaichukua kofia yake.

"Basi, Bi Veturia, kazi imekwisha. Sitakusumbua tena."

Alikuwa ameshashika kitasa. Wenzake Veturia wote walikuwa wametega masikio, lakini potelea mbali.

"Bwana Leontin, wewe njoo tu," akasema. "Hata kama hatuna la kubishania. Neno lilikuwa kisingizio. Mimi nilikuwa nakungoja wewe."

Mzee aligeuka, masikio yamemwiva kwa haya.

"Mimi ndiye niliyemwomba Ilinca amalize ubishi," akasema taratibu. "Nilichoka kujiuliza kama ugomvi ukiisha utanitaka bado."

Veturia alitafuta hasira, na alikuwa na haki nayo, asiione.

"Mzee mhuni wewe," akamwambia, na machozi yakamtoka mbele ya ofisi nzima.