Watoto Sita wa Jike la Seremala

Muuguzi alipostaafu, banda lake la kuku aliligeuza kuwa makao ya watoto wa mbwa waliotupwa. Mtaa ukambandika jina Mama Mbwa. Walimtania kwamba hata mbu akivunjika mguu atapelekwa kwake, naye akicheka pamoja nao. Watoto hao waliletwa ndani ya maboksi, ndani ya ndoo, safari moja ndani ya mfuko wa saruji uliofungwa kamba.

Sheria ilikuwa moja: mgeni akae stoo peke yake wiki mbili kwanza. Lakini msimu ule wa mvua stoo ilijaa pomoni, na walipoletwa wanne wamelowa chapachapa, aliwaingiza bandani na wenzao.

"Hadi kesho tu," alimwambia mdogo wake, aliyeishi naye na kufua matandiko.

Siku ya tatu walianza kuhara damu. Daktari wa mifugo aliwapapasa matumbo, akatikisa kichwa. "Dada, kirusi hiki hakina dawa. Tuwape maji ya mshipa, wa kupona atapona."

Ndani ya siku sita walizika kumi na saba. Wa mwisho alikuwa Chongo, ambaye mwalimu mmoja alikuwa aje kumchukua Jumamosi.

"Ni mimi niliyewaua," Mama Mbwa alisema.

Daktari alimwonya asipokee mwingine mwaka ule, kwa kuwa ugonjwa ulikuwa umeingia udongoni.

Wiki haikuisha, seremala wa jirani akapiga hodi na kreti.

"Mama Mbwa, nimekuletea wageni."

"Si nilikuomba umlete mbwa wako jike afungwe kizazi? Daktari alikubali kufanya bure."

"Nilibanwa na kazi."

"Wakiingia humu watakufa. Warudishe wakanyonye."

"Wakanyonye wapi? Mama yao kagongwa na gari jana." Aliweka kreti chini. "Kazi yako si ndiyo hii?" Akaenda zake.

Walikuwa sita, macho hayajafunguka, wakinyonyana masikio. Mama Mbwa alipiga simu kila alikojua wanapokea mbwa. Kila mahali pamejaa.

"Tuwalee jikoni," mdogo wake alisihi.

"Jikoni tumeingia na viatu gani? Si vilevile vya bandani?"

Alimpigia daktari. "Njoo na sindano."

"Ya chanjo?"

"Hapana."

Daktari akauliza, "Wangapi?"

Mama Mbwa alikaa nao nje ya lango, wakiwa kwenye shuka mapajani. Daktari alipofika na kuanza kuwadunga, yeye alimshika kila mmoja kwa mikono miwili, kama alivyoshika watoto wa watu wodini miaka thelathini, akiwaambia, "Haiumi, haiumi." Mdogo wake alipoleta koleo, alimnyang'anya akachimba mwenyewe, hadi viganja vikachubuka.

Kesho yake aling'oa mlango wa banda. Mchana mtu akapiga hodi langoni, akarudia, akarudia tena. Mama Mbwa alikuwa jikoni, mikono juu ya meza. Hakuitika.